Mwenye Kofia wa Mama Maneti

Mji mzima wa Baraka ulimwita Mama Maneti, na sijawahi kusikia mtu akimwita vingine, hata kanisani. Maneti ni kile kidude cha mkononi cha kuendeshea mchezo wa video, chenye vitufe na uzi. Yeye alikuwa nazo mbili, moja nzima na nyingine imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Habari za alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wengine, ingawa najua wakizisema atawabishia. Mimi nasema habari za chumba chake cha michezo, kwa sababu katika watoto wote wa chumba kile mimi ndimi niliyefika mbali. Nina diploma ya uchoraji niliyoipata Dar es Salaam, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenisomesha. Niliandika majina ya mitumbwi, nilipaka rangi saluni, niliosha sahani za watu, nikasoma. Leo nimerudi na nimechapisha kitabu cha katuni. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba aibu iliyomo humu si ya mtu aliyeshindwa maisha.

Chumba kilikuwa cha matofali ya udongo na mabati, nyuma ya soko, karibu na njia inayoshuka ziwani. Ndani kulikuwa na televisheni nene ya zamani, mabenchi yaliyotupwa na kanisa, na giza la makusudi ili picha zionekane. Nje kulikuwa na jenereta iliyokohoa mchana kutwa. Siku hizi ana sola juu ya paa, lakini bado anapandisha sauti anapoongea, kama mtu anayeshindana na ile jenereta.

Cha ajabu ni kwamba mwenyewe hakujua kucheza. Alishika maneti kama mtu aliyeshika samaki hai, mikono mbali na kifua, uso pembeni. Kazi yake ilikuwa nyingine. Michezo yote ilitoka nchi za mbali na ilisema lugha ambazo hapa hakuna anayezijua, na maandishi yake yalikuwa kama vijiti vilivyomwagwa. Basi Mama Maneti alisimama kando ya televisheni, mkono kiunoni, akawasemea watu wa ndani ya picha. Kila walipofungua kinywa, yeye aliongea. Tulilipa zaidi kwa ajili ya kumsikia kuliko kwa ajili ya kucheza. Kulikuwa na chumba kingine karibu na bandari, chenye televisheni nzuri na mashine mpya, lakini mule watu wa mchezo walisema lugha yao tu, na watoto walikuwa wakirudi kwetu wakilalamika kwamba kule hakuna mtu nyumbani.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa wapiganaji wanaosafiri kufika ng'ambo ya mto. Majina yao halisi hatukuyajua, tulikuwa na majina ya Mama Maneti. Msichana mwembamba mwenye mbio alikuwa Dada Upepo, na Mama alimsemea kwa sauti ya wanawake wanaogombea nafasi sokoni mitumbwi ikirudi na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Jitu lenye kisu kipana lilikuwa Mupishi, nalo lilitukana kama waendesha pikipiki wanaogombania abiria. Halafu wa mwisho, aliyesimama kwenye daraja akizuia kila mtu, koti hadi miguuni, kofia pana, fimbo ndefu. Huyo alikuwa Mwenye Kofia.

Yeyote anayejua michezo hii anajua kwamba wa mwisho ndiye adui. Picha zenyewe zilisema hivyo: muziki ulibadilika, mbingu ikawa nyekundu. Lakini Mama Maneti hakuwa mtu wa kukubali kuambiwa na muziki. Alimpa Mwenye Kofia sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja. Akasema daraja limeoza. Mwenye Kofia anajua limeoza, kwa hiyo anawazuia watu wasipite, nao hawamsikilizi, wanakuja na visu, na yeye inabidi apigane nao ili wasife. Ukimshinda unapita, na kweli katika mchezo daraja lilivunjika nyuma yako. Sisi tuliona hilo kuwa ushahidi. Nilipokuwa Dar nilimtafuta mtu anayejua ile lugha, akaniambia Mwenye Kofia anasema tu kwamba atakuua. Sikufurahi kujua.

Siku moja nilimwuliza Mama kwa nini anambadilisha. Akanijibu kwa majivuno, maana katika majivuno mimi ni mwanafunzi wake: "Bale ba kule balimuchora tu. Roho nilimupatia miye."

Hakuwa mtakatifu. Alikuwa akifukuza wanafunzi wenye sare saa za masomo, huku mwalimu wao ameketi ndani, ameingia kwa mlango wa nyuma, anacheza na Dada Upepo. Alikuwa mwizi wa ushindi. Mtoto mkubwa akiwashinda wadogo kupita kiasi, Mama alipita nyuma ya benchi na kuvuta uzi kwa kisigino, picha ikaganda, naye akasema ni umeme. Mchungaji akihubiri dhidi ya michezo ya video, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo uliofuata, kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, na Jumatatu alifungua mapema. Alikuwa na wivu. Mtoto aliyeonekana kwenye kile chumba cha bandari alisalimiwa kwa jina la ukoo wake kwa wiki nzima, kama mgeni.

Mimi nilianzia kwenye ukuta wake. Nilikuwa nikichora chini, kwenye vumbi, wakati nikisubiri zamu, naye akatoka akanikuta, akakanyaga mchoro wangu bila kukusudia, akarudi ndani, akaleta mkaa. Akanionyesha ukuta wa mbele. Kazi yangu ya kwanza hadharani ilikuwa Mwenye Kofia, mrefu kama mlango, na Mama alisimama nyuma yangu akinisumbua: macho yasiwe ya hasira, yawe ya mtu anakataza mutoto kusogelea moto. Nilirudia macho yale mpaka nikachoka. Baadaye, kila nilipohojiwa, nilisema hakuna aliyenifundisha kuchora.

Katika chumba kile nilikuwa na rafiki kutoka juu milimani, mtoto wa wafugaji, aliyeletwa Baraka kusoma na kulala kwa familia ya kanisa lao. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, ila alipohesabu alihesabu chinichini kwa Kinyarwanda. Yeye hakuchagua Dada Upepo wala Mupishi. Alichagua Mwenye Kofia, kwa sababu baba yake, alisema, alisimama hivyohivyo mbele ya ng'ombe wake. Tulimcheka, naye akacheka, akatushinda.

Kisha ikaja siku ambayo mambo ya huko juu, kati ya wafugaji na wakulima, yalikuwa mabaya tena. Nani alianza na nani alilipiza sitaeleza hapa, kila nyumba ina maelezo yake. Mjini watu walikuwa wakiongea wakiwa wameinamiana. Rafiki yangu alikuwa ameshika maneti, Mwenye Kofia yuko darajani, na kijana mmoja kwenye benchi la nyuma akamwita Mwenye Kofia kwa lile jina baya ambalo watu wa chini huwaitia watu wa juu. Wengine wakacheka. Sikucheka, lakini niliendelea kutazama picha.

Mama Maneti alitoka nje akazima jenereta. Aliporudi alisimama mlangoni, na sisi tukawa tunamwona kivuli tu. Alisema polepole, kwa sauti ileile ya Mwenye Kofia.

"Humu ndani huyu mutu hana kabila. Kabila yake ni ule mukono unashika maneti. Leo ni ya huyu. Kesho ni ya weye, unasikia? Kesho ni weye."

Tangu siku ile akaweka sheria. Aliyemtukana Mwenye Kofia, au aliyemtukana mwenzake kwa ajili yake, alifukuzwa. Akitaka kurudi, anaingia mbele ya wote, anaketi benchi la mbele, na anacheza mzunguko mmoja akiwa Mwenye Kofia, wengine wakipokezana maneti ya pili kumpiga. Hakuna kuomba msamaha kwa mdomo. Mama alisema mdomo ni wake yeye tu humo ndani. Yule kijana wa benchi la nyuma alikaa nje siku nyingi, akirusha vijiwe kwenye mabati, halafu akaja, akaketi, akapigwa. Mwishowe alimpenda Mwenye Kofia kuliko wote, na ule msemo wa mkono ukawa wetu mpaka kwenye mpira, tulipochagua golikipa: leo huyu, kesho weye.

Nikavuka ziwa, nikakaa Tanzania miaka, nikapata diploma yangu. Shuleni tulifundishwa kwamba anayehamisha wahusika kutoka mchezo kwenda kwenye katuni ana kazi mbili: wapenzi wao wawatambue, na wasomaji wapya wawaone kuwa majirani. Mwalimu wangu alisisitiza: wavisheni, walisheni, waleteni nyumbani. Nililishika somo hilo kuliko wenzangu, na kazi yangu ilipewa alama za juu. Ninazo zimeandikwa.

Nilirudi Baraka kutengeneza kitabu cha wale wapiganaji. Kwa Dada Upepo sitamwachia mtu sifa: nilimvika kitenge kilichofungwa kwa kukimbilia, nikampa beseni la ndagala, na mbio zake nikaziweka kwenye msongamano wa asubuhi ufukweni. Wanawake wa soko waligombania kusema ni nani kati yao. Mupishi nilimnyang'anya kisu nikampa kasia, nikamhamishia Mboko, kwa wakulima wa chini, kwenye mashamba ya mihogo kando ya barabara, na matusi yake niliyaandika kama nilivyoyakumbuka kwa Mama, neno kwa neno. Mtu aliyekulia chumba kile akisoma ukurasa ule anasikia jenereta.

Kisha Mwenye Kofia. Sikumwongezea kofia, kofia ilikuwepo. Sikumwongezea fimbo, ilikuwepo. Nilijiambia kwamba wahusika wote wamepata makwao, na yeye apate kwao. Niliongeza ng'ombe tu, nyuma yake, wakishuka kuelekea mihogo. Daraja sikulichora limeoza. Na kwa kuwa katuni inahitaji adui, nilimwandikia, "Nchi hii ni yangu sasa," na Mupishi akamjibu kwa herufi nene zinazojaza nusu ya ukurasa, "Rudi ulikotoka." Nilijua wakati nachora kwamba hapo watu watapiga makofi. Hilo sitalificha. Mchoraji anajua makofi yako wapi.

Na walipiga. Nilizindua kitabu kwenye ukumbi wa shule, nimevaa suti, na mtu aliposoma ukurasa ule kwa sauti ukumbi ulisimama. Nilimshukuru Mungu, mwalimu wangu wa Dar, na juhudi zangu mwenyewe. Mama Maneti sikumwalika. Nilijiambia ukumbi uko mbali kwa miguu yake, maana siku hizi miguu inamvimba. Vitabu vikaenda: furushi moja kwa gari hadi Mboko, jingine kwa mtumbwi hadi vijiji vya Ubwari, nilivyobaki navyo nikavibeba begani kila nilikokwenda.

Mwezi uliopita nikaona sasa inafaa nimpelekee. Nilifika mchana, chumba kimejaa watoto. Ukuta wa mbele mvua zimeufuta, imebaki kofia na jicho moja. Yeye alikuwa ameketi, jambo ambalo zamani hakulifanya, miguu juu ya dumu, akisemea mchezo mpya wa magari. Magari nayo aliyapa roho, moja lilikuwa linachelewa harusi.

"Mikono yangu imerudi," alisema aliponiona. Hivyo ndivyo alivyoniita zamani, Mikono. "Lete tuone. Banasema ulifanya batu kucheka huku mpaka kijiji ya Kazimia."

Nikampa kitabu. Watoto wakaacha magari yakagonga, wakatuzunguka. Alifungua taratibu, anasoma kwa shida, kama anavyosoma Biblia, kwa kidole. Kwa Dada Upepo alicheka hadi akakohoa. Kwa Mupishi alinitazama, akapiga paja lake, akasema hayo matusi ni mali yake na nitakufa nayo shingoni. Nilikuwa mtu mwenye furaha.

Hapo mlango ukaingia giza, mtu ameinama kupita. Alikuwa rafiki yangu wa milimani. Sikujua kama bado hushuka. Ana ndevu sasa. Alikuwa na dumu la maziwa, kwa sababu njia ikiwa nzuri huleta maziwa sokoni, na hawezi kurudi bila kumsalimia Mama na kumwachia kidogo. Tulikumbatiana. Aliniita kaka, akaniuliza habari za mama yangu kwa jina lake. Kisha akainama juu ya bega la Mama kuona wanachotazama, na Mama alikuwa amekwisha kugeuza ukurasa.

Aliona picha kwanza, kama kila mtu anavyoona. Kofia, fimbo, koti, ng'ombe.

"Hee," alisema, na sauti yake ikalegea. "Ni miye huyu. Kaka, ulinikumbuka. Hata ng'ombe uliniwekea."

Akaniangalia akiwa anacheka na macho yamelowa. Akarudi kwenye kitabu, na niliona macho yake yanashuka kutafuta maneno. Mama Maneti alikuwa ameshafika. Sijui alisoma saa ngapi, yeye anayesoma kwa shida. Aliweka kidole gumba juu ya maneno ya Mupishi, kidole kile kipana, kikayafunika yote, na kiganja kikalala juu ya yale ya Mwenye Kofia.

"Ondoa macho hapa," alimwambia. "Humu ndani nasoma miye."

Akainuka. Miguu ile iliyovimba, akainuka, akashika kitabu mbele ya kifua kama televisheni, na akaanza kumsemea Mwenye Kofia kwa ile sauti ya chini. Daraja limeoza, alisema. Ng'ombe banajua, ndiyo maana bamesimama, angalieni miguu yao. Mupishi anakuja na kasia, hasikii, kichwa yake ngumu. Watoto walicheka kwa Mupishi. Rafiki yangu alisema pamoja naye maneno ya mwisho, maana aliyajua. Mimi niliandika kitabu kile kwa Kiswahili, Kiswahili cha Baraka, ili kisihitaji mtu wa kukifasiri. Mama naye alikifasiri kama alivyofasiri vile vijiti vilivyomwagwa, kidole hakikuondoka.

Rafiki yangu akaomba nakala moja ya kupeleka juu kwa watoto wake. Alitaka waone baba yao amechorwa kitabuni. Begi langu lilikuwa miguuni pangu, limejaa vitabu hadi zipu haifungi. Nikamwambia vimekwisha.

"Basi utaniwekea ingine," alisema, bila kuangalia begi. Sina hakika mpaka leo kama hakuliona. Akamimina maziwa kwenye sufuria ya Mama, akaniaga kwa mikono miwili, akaenda.

Mama Maneti alisubiri hadi kivuli chake kikapita ukutani. Akafunga kitabu, akaketi chini kwa shida.

"Zingine ulipeleka wapi?"

"Mboko," nikasema. "Na Ubwari."

Alifikiri kidogo, akisugua goti. Nilitegemea anitukane, maana kutukana anajua, na ningemshukuru.

"Kule nani ataweka kidole?"

Nikaanza kusema kwamba ninaweza kuvifuata vitabu, kwamba mtumbwi wa Ubwari unatoka kila asubuhi, kwamba chapa ya pili nitachora daraja jinsi lilivyo. Nikafungua kinywa kusema neno la msamaha ambalo nilikuwa nimelichelewesha, akainua kiganja.

"Mudomo ni yangu," alisema. "Weye unajua sheria ya hapa."

Akawaambia watoto watoe yale magari, waweke mchezo wa zamani. Wakasogea kwenye benchi la mbele, wakaniachia nafasi katikati, na mmoja akanipa maneti, ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Niliketi na suruali yangu ya Dar, magoti yakinifika kifuani. Watoto walikuwa wamekwisha kumchagua wa kwao, Mupishi. Vidole vyangu, vinavyojua kalamu, havikukumbuka vitufe. Muziki ukabadilika, mbingu ikawa nyekundu, na Mwenye Kofia akasimama darajani akisubiri mkono wangu.